Vidole vya Bwana Pasi

Mjomba wangu hakuwahi kutia alama kwenye nguo ya mtu. Madobi wengine hushona uzi mwekundu kwenye ukosi, wengine huandika namba kwa wino usiofutika, na mmoja wa mtaa wa nyuma alikuwa akibandika vipande vya plasta, ukichukua suruali yako unadhani imetoka kuchanjwa. Mjomba aliwacheka wote. "Nguo si mfungwa," alisema. "Ya nini kuipa namba?"

Yeye alikuwa na vidole. Mpe mashati thelathini meupe, yote ya kitambaa kimoja, yafuliwe, yakauke, yarundikwe mezani kama kichuguu. Alipitisha kidole gumba na cha shahada ndani ya ukosi mara moja tu, macho yakiwa dirishani, akakwambia: hili la dereva, hili la Mwalimu, hili la yule bwana wa posta anayetoka jasho hata akiwa amelala. "Ukosi unakaa na shingo ya mtu mwaka mzima," alisema. "Unadhani hausemi kitu?"

Miaka ishirini na sita hakukosea. Mtaa ukamwita Bwana Pasi, na jina lake la kuzaliwa likabaki kwenye makaratasi, huko ambako hospitali walilikuta.

Saratani ya utumbo mpana. Walikata kipande cha utumbo, kisha wakasema mabaki yatafukuzwa kwa dawa ya dripu, mizunguko kumi na miwili, mmoja kila baada ya wiki mbili. Mimi ndiye niliyekuwa nampeleka, kwa sababu nilikuwa naishi kwao na kwa sababu nilisoma nusu ya stashahada ya maabara. Nusu ya stashahada ndani ya nyumba ni balaa kuliko kutokuwa nayo kabisa. Unaulizwa maswali yote na unajua nusu ya majibu, na ile nusu unayoijua ndiyo isiyoulizwa.

Siku ya kwanza muuguzi alituonya: asiguse kitu cha baridi, asinywe cha baridi, dawa hii na baridi haviivi chungu kimoja. Hakuuliza mgonjwa anafanya kazi gani. Kwenye fomu, mbele ya neno "kazi," mstari ulikuwa mfupi, nami nilikuwa nimeandika "biashara ndogo."

Basi kesho yake alfajiri dobi akatumbukiza mikono miwili kwenye beseni la maji ya bomba.

Alipiga ukelele mmoja tu. "Umeme! Nimeshikwa na umeme!" Mkaza mjomba, mke wake, mwanamke wa vitendo, alikimbia moja kwa moja kwenye swichi kubwa akazima nyumba nzima. Tukabaki gizani sote watatu, Mjomba amekumbatia vidole kifuani kama mtu aliyeokota vifaranga, na bomba linadondosha maji.

"Umeme gani kwenye beseni la plastiki?" nikasema.

"Njoo ushike wewe, daktari nusu," akanijibu.

Tangu siku hiyo maji yote yalipashwa moto kwanza, ya kufulia, ya kusuuzia, ya kunywa. Kitasa cha mlango tulikifunga kitambaa. Mkaza mjomba alishinda jikoni na masufuria matatu, na shida yake akaipa jina: "Nimeolewa mara ya pili, safari hii na jiko."

Tulijifunza kalenda yake. Siku ya dripu na ile inayofuata alikuwa mchangamfu kama bwana harusi, kwa zile dawa za kuzuia kutapika. Anaongea, anapanga, anataka kupaka ukuta rangi. Siku ya tatu ukuta huohuo unamwangukia. Harufu ya sabuni, aliyoishi nayo miaka ishirini na sita, ikawa adui. Alipiga pasi ameketi juu ya kreti la soda, ndoo ya bluu miguuni. Ya bluu ilikuwa ya kutapikia, nyekundu ya kusuuzia, na ole wako uzichanganye. Mdomo ulimtoka vidonda. Chakula, alisema, kilikuwa kama kunyonya funguo.

"Funguo za nini?" nikamuuliza.

"Za stoo. Zina kutu."

Bado alikuwa anatania. Na bado vidole vilikuwa vyake, vinauma, vinachoma, lakini vipo.

Vilianza kuondoka mzunguko wa tano. Mjomba alikuwa na namna yake ya kupima moto wa pasi: analamba kidole, anakigusisha chini ya pasi, *tss*, na kwa huo mlio na huo mchomo anajua kama ni moto wa hariri au wa suruali ya jinzi. Siku hiyo nilikuwa nakunja mashuka. Nikasikia *tss*, halafu nikasikia inaendelea.

"Nani anachoma kitu?" Mjomba akauliza, akigeuza shingo kuelekea jikoni.

Ilikuwa ni yeye.

Mkaza mjomba alimpaka dawa, akamfunga bandeji. Mkewe alipotoka, Mjomba akanishika mkono, au tuseme aliuweka mkono wake juu ya wangu, maana kushika kulikuwa kumeshaanza kuwa jambo la kukisia.

"Hospitali hatusemi," akasema.

"Mjomba, walisema wenyewe. Mikono na miguu ikipata ganzi waambiwe. Wanapunguza ile dawa au wanaiondoa."

"Ndiyo maana hatusemi. Wakiondoa dawa, nakufa mimi. Bora ufe mkono."

"Na mkono ukifa, utafanya nini?"

Alifikiri kidogo. "Kwanza niishi, halafu nitajua naishi kwa kazi gani. Funga mdomo wako, mpwa wangu. Najua si kazi nyepesi kwako."

Nikaufunga. Kila baada ya wiki mbili daktari aliuliza, "Mikono vipi?" na Mjomba akajibu, "Ipo," huku ameiweka chini ya mapaja. Mimi nikawa naangalia bango la ukutani la kunawa mikono.

Ila ukosi wa shati huwezi kuudanganya. Mzunguko wa sita suruali za dereva zilikwenda kwa bwana wa posta, na blauzi ya mshonaji ikafika kwa kijana wa duka la dawa, ambaye alisema ilimkaa vizuri lakini haikuwa yake. Hakuna aliyemwambia Mjomba. Walinijia mimi, mmoja mmoja, wananong'ona kama watu wanaouza bangi. "Mwambie… hapana, usimwambie. Lakini hii si yangu."

Fundi viatu wa pale kwenye kona ndiye aliyetoa benchi lake. Kila Jumamosi jioni, Mjomba akiwa amelala, wateja walikuja na vifurushi vyao vilivyopigwa pasi vizuri kabisa na kukosewa vizuri kabisa, tukabadilishana.

"Leteni mateka," fundi viatu alikuwa akisema, msumari mdomoni. "Nani ana suruali ya kaki? Kiuno thelathini na sita?"

"Hii hapa. Nani ana gauni langu la maua?"

"Mimi. Na mke wangu amelipenda, sema haraka kabla sijabadili mawazo."

Walicheka, kisha walipoondoka walikunja nguo zao taratibu mno. Hakuna aliyehamia kwa dobi mwingine. Wakati ule niliona ni wema. Sasa sijui. Ulikuwa wema wa kumwacha mtu atembee suruali imechanika nyuma, na mtaa mzima umekubaliana kutazama juu.

Jumamosi moja, baada ya mzunguko wa saba, lilibaki shati moja jeupe la mikono mirefu. Mwalimu ndiye aliyelileta. Ni mwalimu wa hesabu, mtu mzito, shingo yake na kichwa chake vimeungana bila mpaka.

"Hili si langu," alisema. "Nimejaribu kulivaa, likaishia kwenye viwiko. Langu ni hema."

Tukauliza kila mtu. Hakuna aliyelitambua, na hema lake halikuonekana.

"Basi tunaye yatima," fundi viatu akasema. Mwalimu akasema hana haraka, anayo mengine. Nikalichukua, nikalitundika nyuma ya mlango wa chumba changu, chini ya koti langu, likisubiri mwenyewe ajitokeze.

Sasa, Mjomba alikuwa na shati moja zuri, jeupe, la kwendea hospitali. Alilifua peke yake, akalipiga pasi peke yake, hakuruhusu mtu. "Huwezi kumpelekea daktari mwili mbovu na shati bovu vyote pamoja," alisema. "Achague ateseke na kipi?" Asubuhi ya mzunguko wa nane alilivaa, akaniita nimfunge vifungo, kwa kuwa vifungo vilikuwa vimeshamshinda tangu mzunguko wa sita. Akajiangalia kwenye kioo cha kabati.

Shati lilining'inia. Mabega yalishuka nusu ya njia kwenda kwenye viwiko. Ukosi ulimzunguka shingo kama kisima kinavyozunguka kamba.

"Unaona?" akasema.

"Naona nini?"

"Wiki mbili zilizopita lilinikaa hapa." Akagusa bega.

"Watu wanaamka alfajiri wanakimbia barabarani wapate mwili kama huo," nikasema, huku nafunga kifungo cha tatu.

Hakucheka. Hospitali mizani ilisema amepungua kilo sita tangu mwanzo, na muuguzi akasema si mbaya, wapo waliopungua zaidi. Njiani kurudi Mjomba akasema, "Mizani ni ya hospitali. Shati ni langu."

Toka hapo alijipima kwa lile shati. Mzunguko wa tisa likining'inia vilevile, yeye aliona limezidi. Akaacha kula hata kile kidogo. Uji ulikaa hadi ukafanya ngozi juu. Mkaza mjomba alijaribu kubembeleza, akajaribu kugomba, akarudi kubembeleza.

"Kijiko kimoja tu, baba."

"Mama, humwagilii mti uliokwisha ng'oka."

"Nani kang'oka? Wewe? Mtu anayeng'oka ananiamsha mara nne nimpashie maji?"

"Ufunguo wa kabati la juu uko ndani ya kopo la chumvi," akasema yeye, kama hakumsikia. "Hati za nyumba ziko chini ya magazeti."

Mkaza mjomba akachukua bakuli, akalipeleka jikoni, na kwa dakika nzima nikasikia kijiko kinakwangua bakuli ambalo halikuwa limeguswa.

Asubuhi ya mzunguko wa kumi Mwalimu alipita kumpa pole kabla ya kwenda shuleni. Alitukuta sebuleni. Nilikuwa nimepiga magoti mbele ya Mjomba namfunga vifungo, yeye amenyoosha shingo kama mtoto anayenyolewa. Mwalimu akasimama mlangoni. Akatazama. Halafu akaangua kicheko, kile chake cha darasani kinachotikisa madirisha.

"Kumbe mwizi wangu ni wewe, Bwana Pasi! Hicho kifungo cha tatu nilikishona mwenyewe, uzi wa bluu, nilikosa mweupe! Nalitafuta hema langu mwezi mzima…"

Kicheko kikamkatikia njiani. Aliona uso wangu, nadhani.

Nilikiangalia kifungo. Uzi wa bluu. Nilikuwa nimekifunga kwa mikono yangu miwili, mizima, yenye hisia zote, asubuhi tatu za kliniki.

Mjomba hakushtuka. Aliinamisha kichwa, akautazama uzi muda mrefu.

"Langu liko wapi?" akauliza.

Nikaenda chumbani, nikaondoa koti langu, nikaleta shati. Akalipokea kwa viganja, kama mtu anayebeba sahani iliyojaa.

"Limefikaje nyuma ya mlango wako?"

Hapo ndipo nilipofungua mdomo niliokuwa nimeambiwa nifunge. Nikamwambia yote, benchi la fundi viatu, Jumamosi, suruali za dereva, blauzi. Mwalimu akaongeza kwamba ni kwa nia njema, na kadiri alivyoieleza nia njema ndivyo ilivyozidi kunuka.

"Mtaa mzima?" Mjomba akauliza.

"Karibu," nikasema.

Mkaza mjomba alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni na sufuria mkononi. Yeye hakusikia habari ya mtaa. Yeye alisikia kitu kingine, na uso ukamfunguka, sikuuona hivyo tangu mwaka uanze.

"Kwa hiyo hujakonda!" akasema. "Ni shati la Mwalimu! Wewe mwanamume, umetuulia roho kwa shati la Mwalimu! Livue! Vaa lako!"

Na lazima niseme ukweli, hata mimi nililidaka tumaini hilo. Hata Mwalimu. Hata yeye Mjomba alinyoosha mikono upesi nimvue hema, na nilipokuwa nampitisha mkono kwenye lake alikuwa karibu kutabasamu. Mkaza mjomba anacheka, anajifuta macho kwa kanga, anasema, "Mzee mzima, anazika mwili wake kwa shati la watu." Nikafunga cha kwanza, cha pili, cha tatu. Uzi mweupe. Nikasimama, nikarudi nyuma hatua moja tumwone.

Halikuwa hema. Mabega yalishuka vidole viwili tu. Lakini kwenye ukosi, ule ukosi uliokaa na shingo yake miaka, ungeweza kupitisha ngumi na ikatoka upande wa pili bila kumgusa.

Mkaza mjomba aliacha kucheka polepole, kama pasi inavyopoa. Mwalimu akatazama saa yake, akasema ana kipindi cha kwanza.

"Kilo sita," nikasema. "Ni zilezile za mizani. Sio zaidi."

"Sisemi habari ya kilo," Mjomba akasema. Alikuwa ameshika lile la Mwalimu sasa. "Hili nimelifua mimi. Nimelipiga pasi mimi, mara tatu. Nimelikunja, nimelivaa mwilini. Shati la mtu wa ukubwa ule." Akapitisha kidole gumba ndani ya ukosi, macho dirishani, kama zamani. Akasubiri. "Kimya," akasema.

Daktari aliuliza kama kawaida, "Mikono vipi?"

Mjomba akaitoa chini ya mapaja akaiweka mezani. "Haipo," akasema. "Kitambo."

Daktari, kijana mpole mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi, alimwomba afungue kifungo kimoja tu cha shati lake. Tulikaa tukamsubiri. Vidole vilikizunguka kifungo kama kuku wanavyozunguka mlango uliofungwa. Baada ya muda daktari akasema, "Basi, mzee wangu," akaandika kitu. Dawa ile inaondolewa leo.

"Ganzi itatoka?" nikauliza.

"Kwa wengine inapungua. Miezi, pengine mwaka, pengine zaidi. Kwa wengine inabaki. Mngesema mapema…" Hakumalizia, na nilimshukuru kwa hilo. Halafu akafungua bahasha ya picha tulizopiga wiki iliyopita, akazungumza na meza zaidi kuliko na sisi. Kulikuwa na madoa kwenye ini. Hayakuwepo mwanzoni. Yametokea dawa ikiwa inaingia.

Mjomba aliomba arudie hilo la mwisho.

"Yametokea tukiwa kwenye matibabu," daktari akasema. "Maana yake dawa hii haikuwa inaizuia saratani. Ipo nyingine, tutajaribu. Lakini tusidanganyane."

Kwenye benchi la nje tulikaa kidogo, yeye apate pumzi. Nilitafuta utani. Mimi ambaye msibani naombwa nikae mbali na waliofiwa nisije nikawachekesha, niligeuza kila mfuko nikakosa.

"Kwa hiyo mikono nimeitoa bure," akasema.

Nikamshika kiwiko, nikamsaidia kuinuka.

Tulipofika nyumbani hakulala. Alinituma kwa fundi viatu nikaazime ile kalamu nyeusi anayoandikia soli za viatu. Fundi viatu alinipa bila kuuliza, msumari mdomoni, akakwepa kunitazama. Mjomba akaketi kwenye kreti lake, rundo la wiki hiyo mezani.

"Andika," akasema.

Yeye alikunjua ukosi, mimi nikauliza kwa macho, tukakisia pamoja kwa saizi na kwa madoa, nikaandika ndani: Dereva. Posta. Mwalimu. Mara kwa mara shati lilimponyoka likaanguka, na yeye akaendelea kushikilia hewa mpaka nimwambie. Mkaza mjomba alileta maji ya uvuguvugu, akayaweka, akarudi jikoni kuzima jiko chini ya sufuria moja kati ya yale matatu.

Rundo lilipokwisha akavua shati lake, yaani nilimvua, akanipa.

"Na hili."

"Lako? La nini? Ndani ya nyumba hii nani mwingine ana la kwendea hospitali?"

"Andika namba ya faili. Iko kwenye kadi."

"Ulisema nguo si mfungwa."

"Nguo siyo," akasema.

Niliandika tarakimu zote saba. Wino ulisambaa kidogo kwenye kitambaa, ulikuwa wa kuandikia mpira, si pamba. Akalichukua likiwa bado bichi, na kwa mazoea, macho dirishani, akapitisha kidole gumba ndani ya ukosi. Kikatoka cheusi. Akalikunja shati, akaliweka juu ya mengine, akajipangusa jasho usoni kwa mkono uleule, na akabaki ameketi na ule mstari mweusi kwenye paji la uso, mpaka mkaza mjomba alipokuja kumfuta.